Upozaji na nishati katika roboti za mashindano

Upozaji wa mota na upatikanaji wa nishati ni sehemu ya usanifu wa roboti ambayo kanuni za mashindano huibana sana, na ambayo kwa sababu hiyo imezaa ubunifu mwingi. Mfano mmoja wenye maandishi mengi ni FIRST Robotics Competition ya Marekani, shindano la wanafunzi wa sekondari lililobuniwa na Dean Kamen pamoja na Woodie Flowers wa MIT, na kufanyika mara ya kwanza mwaka 1992 katika jimbo la New Hampshire.

Kanuni za nishati

Mota zote za roboti ya FIRST hulishwa na betri moja tu ya risasi na asidi, ya volti 12 na takriban ampea-saa 18. Mechi ni ya kama dakika mbili na nusu, kwa hiyo chaji kwa kawaida haiishi. Kinachosumbua ni volti kushuka. Betri nzuri ina ukinzani wa ndani wa kama omu 0.015, hivyo mota zikivuta ampea 200 kwa pamoja, volti 3 hupotea ndani ya betri yenyewe. Volti zikishuka hadi kati ya 7 na 6, kompyuta ya roboRIO huzima mota ili ijiokoe.

Nje ya umeme, kanuni hutaja vyanzo vichache: hewa iliyoshindiliwa (isiyozidi psi 120 kwenye matangi), springi na mipira iliyovutwa, shokamzoba za gesi za dukani, magurudumu yaliyojazwa upepo, na kushuka kwa kitovu cha uzito cha roboti. Chanzo hiki cha mwisho ndicho kinachovutia kuliko vyote, maana roboti inaweza kuanza mechi mkono ukiwa juu na kuuachia uanguke bila kutumia hata wati moja. Mifumo ya haidroliki imepigwa marufuku.

Kupoza

Kuhusu joto, kanuni ni legevu zaidi. Feni ndogo huruhusiwa, zisizozidi milimita 120 na wati 10. Mota ya CIM, yenye kilo 1.27 na ganda lililofungwa, hupata moto polepole na hupoa polepole vilevile. Mota ya 775pro ni nyepesi na hujipoza kwa feni iliyo ndani yake. Ikizuiwa isizunguke, feni nayo husimama, na moshi huonekana baada ya sekunde chache. Mota ya Falcon 500, iliyotoka kwa msimu wa 2020, ilitengenezwa ikiwa na tundu la kupitishia hewa ya kompresa.

Breka kuu ya umeme, ya ampea 120, nayo hukata kwa joto. Huvumilia mkondo mkubwa zaidi kwa muda mfupi, lakini ikiingia uwanjani bado ina moto wa mechi iliyopita, hukata mapema. Hii ndiyo sababu baadhi ya timu huipulizia hewa baridi kati ya mechi; mota nazo huwekewa mifuko ya barafu. Hata hivyo, giya iliyochaguliwa vizuri hushinda barafu yote hiyo, kwa kuwa huzuia joto lenyewe lisizidi.

DARPA na RoboMaster

Katika majaribio ya DARPA Robotics Challenge, shindano la roboti la shirika la utafiti wa kijeshi la Marekani, huko Florida, Desemba 2013, roboti ya kampuni ya SCHAFT ya Japani iliongoza kwa pointi 27 kati ya 32. Mota zake zilipozwa kwa maji na kulishwa na kapasita, jambo lililoipa viungo vyenye nguvu ya kushangaza. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Google na haikufika fainali. Fainali za 2015 mjini Pomona, California, zilikataza waya wa umeme. DRC-HUBO ya KAIST, Korea Kusini, ilishinda dola milioni 2 kwa kumaliza kazi nane ndani ya dakika 44 na sekunde 28.

Shindano la RoboMaster la China, linaloandaliwa na kampuni ya DJI, huruhusu kapasita lakini huwekea kikomo wati za magurudumu. Humo hata joto la mtutu ambao roboti hufyatulia risasi ni hesabu ya mfumo wa waamuzi tu: likizidi, roboti huadhibiwa.

Afrika Mashariki

Kenya na Tanzania zimeshiriki FIRST Global Challenge, shindano la kimataifa la roboti lililoanza Washington mwaka 2017. Timu zote hupewa vifaa vya aina moja, hivyo nafasi ya majaribio ya nishati na upozaji ni ndogo.