Nyumba Isiyowaka Haimwagiwi Maji

Ndugu msikilizaji, juma hili naomba tuzungumze juu ya jambo lililomo mwilini mwa kila mmoja wetu. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Mwili unapozidiwa na maradhi, tezi hizo humwaga kwa wingi homoni iitwayo kotisoli.

Mwaka 1855, Dakta Thomas Addison wa London alieleza kwamba watu ambao tezi hizo zimeharibika hudhoofu, ngozi yao hubadilika rangi, na mwishowe hufa. Mwaka 1936, Hans Selye, akiwa Montreal nchini Kanada, aliandika kwamba panya wakipigwa baridi, wakijeruhiwa au wakipewa sumu, miili yao hujibu kwa namna ile ile, na tezi hizo huvimba. Mwaka 1948, Philip Hench wa Marekani alimdunga mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi sindano za kotisoni, ndugu yake kotisoli. Baada ya siku chache mama huyo alitembea. Hench na wenzake wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1950.

Swali gumu likabaki. Mgonjwa mahututi aliyeshambuliwa na virusi aongezewe homoni ya namna hii, au aachwe? Homoni hii hupoza kinga ya mwili. Kinga ikipozwa mapema, virusi hupata mwanya. Lakini kinga ikiwaka kupita kiasi, huunguza mapafu ya mwenyewe.

Jibu lilipatikana mwaka 2020, wakati wa Korona. Madaktari wa London walipima damu ya wagonjwa waliolazwa, wakakuta kotisoli imepanda sana, na wale ambao yao ilipanda zaidi ndio waliokufa upesi. Je, homoni ndiyo iliyowaua? Si lazima. Ukikuta maji yametapakaa na gari la zimamoto limesimama, usidhani maji ndiyo yaliyochoma nyumba. Wingi wa maji unakueleza ukubwa wa moto.

Mwezi Juni mwaka huo huo, utafiti wa Uingereza uitwao RECOVERY ulitoa matokeo ya deksamethasoni, dawa ya jamii ya kotisoli, iliyotolewa miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizozidi 10. Kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, vifo vilipungua kwa theluthi moja. Kwa waliopewa oksijeni peke yake, vilipungua kwa moja ya tano. Wasiohitaji oksijeni hawakufaidika chochote.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye somo. Nyumba isiyowaka ukiimwagia maji, unaharibu magodoro tu. Mwaka 2021 nchini India, dawa za jamii hiyo zilipotumiwa ovyo, wagonjwa wengi wa Korona, hasa wenye kisukari, walishambuliwa na ugonjwa wa kuvu uliowapofusha wengine macho na kuwaua wengine.

Mimi ni mtu wa kipaza sauti, si daktari. Lakini nawasikia watu wakiiomba dawa hii dukani kwa ajili ya mafua, kwa kuwa ni rahisi na walisikia inaokoa. Ni kweli inaokoa. Kuanzia Addison, ilichukua miaka 165 kujua inamwokoa nani, na saa ngapi. Tusiitupe elimu hiyo kwa shilingi chache. Mwenye kuuona moto ni daktari. Mwachie yeye bomba la maji.