Sikio la Mpimaji na Ngurumo za Tororo

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini dalili haina faida pasipo mtu wa kuitambua, na historia ya Tororo, mji ulio kaskazini ya Busia karibu na mpaka wa Uganda na Kenya, yathibitisha jambo hilo.

Kuanzia mwaka 1967 hadi 1976, Tororo ilihesabiwa kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kila mwaka. Hesabu hiyo ilienea duniani kote. Je, ilipatikanaje? Kwa kanuni ya wataalamu wa hali ya hewa, siku ya ngurumo ni siku ambayo mpimaji kituoni ameisikia ngurumo kwa masikio yake. Ikinguruma mara moja au mara mia, siku ni moja. Umeme ukionekana bila sauti, hauhesabiwi. Mpimaji akisinzia, siku hiyo yaweza kupotea daftarini. Kwa hiyo sifa ya Tororo ni sifa ya mawingu, na pia ya watu waliosikiliza.

Yafaa ikumbukwe kwamba miaka hiyo 10 ilikuwa karibu umri wote wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ya kwanza, iliyovunjika mwaka 1977. Wapimaji wa Uganda, Kenya na Tanzania walikuwa watumishi wa idara moja. Jumuiya ilipovunjika, idara iligawanyika, dhoruba hazikugawanyika.

Usiku, upepo wa nchi kavu huvuma kutoka pande zote za Ziwa Victoria, hukutana katikati na kuipandisha juu hewa yenye unyevu. Dhoruba huzaliwa saa zile zile ambazo wavuvi wa Majanji, Sio Port na Port Victoria wamo majini na taa zao, wakivua dagaa.

Hapo mtabiri hukabiliwa na mtihani. Akitoa onyo na dhoruba isije, hudhihakiwa, na kesho yake huenda akasita. Akinyamaza nayo ikaja, watu huzama. Mvuvi naye, akiisha kuonywa bure mara mbili, mara ya tatu huizima redio na kusukuma mtumbwi.

Siku hizi zipo setilaiti na rada. Hata hivyo, anayeamua kutoa onyo ni binadamu, na anayeamua kulitii ni binadamu vilevile. Mitambo hununuliwa kwa fedha. Imani kati ya wawili hao hujengwa kwa kusema kweli kila siku, hata siku ambayo utabiri umekosea.