Mwangwi Kutoka Mwanza

Neno ping limetoka majini. Nyambizi hupiga mlio, husubiri mwangwi, kisha hupima umbali. Desemba 1983, Mike Muuss, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya jeshi huko Maryland, Marekani, alikuwa akihangaika na mtandao uliogoma. Jioni moja akaandika programu ndogo inayofanya vivyo hivyo: inatuma pakiti, inangoja jibu, inahesabu muda. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980 Van Jacobson akaleta traceroute, inayotaja kituo kimoja kimoja ambacho pakiti inapitia njiani.

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na hapa Mwanza majibu ya amri hizi mbili nayasoma kama nyaraka. Wakati intaneti yetu ilipotegemea setilaiti, pakiti ilipanda kilomita 36,000 na kushuka, kisha jibu likapanda na kushuka tena. Hata kwa mwendo wa mwanga, safari hiyo haipungui milisekunde 480. Hakuna fundi ambaye angeweza kuifupisha. Ilifupishwa na mikongo ya baharini: SEACOM ilipofika Dar es Salaam mwaka 2009, kisha EASSy mwaka 2010.

Lakini njia mpya ilileta utegemezi mpya. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria, mbali kabisa na bahari, tuliguswa na waya uliokatika chini ya bahari hiyo.

Siku kama hiyo wengi husema tu “mtandao hakuna”. Jaribu kuuliza kwa hatua. Fanya ping kwenye ruta ya nyumbani, mara nyingi 192.168.1.1. Isipojibu, tatizo liko chumbani kwako. Ikijibu, jaribu 8.8.8.8. Namba hiyo ikijibu lakini jina la tovuti likakataa, kinachosumbua ni huduma ya kutafsiri majina kuwa namba. Namba isipojibu, traceroute (kwenye Windows ni tracert) itakuonyesha kituo cha mwisho kilichoitika.

Anayejua pakiti yake imeishia wapi hujua pia amuulize nani: fundi wa mtaani, kampuni inayomuuzia bando, au wale wanaoamua nchi iwe na njia ngapi za kutokea.