Gari dogo la mwanamichezo: Pima mzigo kabla ya kuuliza bei

KOCHA wa timu ya vijana jijini Dar es Salaam anapokwenda kutafuta gari, jambo la kwanza analoulizwa na madalali ni kiasi cha fedha alicho nacho. Ni nadra kuulizwa atabeba nini. Matokeo yake hupata gari lisilotumia mafuta mengi, lakini linalolazimika kwenda uwanjani mara mbili: safari ya kwanza na wachezaji, ya pili na vifaa. Unafuu wote huishia barabarani.

Katika magari madogo yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani, sehemu iliyobanwa kuliko zote ni buti. Toyota Vitz, iliyoanza kuuzwa mwaka 1999, ni mfano wa wazi. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,000 haina makuu, vipuri vyake havisumbui kupatikana na mafundi wengi wanaifahamu. Hata hivyo, mpira wa miguu namba 5 una kipenyo cha sentimita 22 hivi. Mipira kumi ndani ya wavu hula sehemu kubwa ya buti hilo, na bado hujaweka jezi, koni wala sanduku la huduma ya kwanza. Ukilaza kiti cha nyuma utapata nafasi, ila wachezaji watatu watakuwa wameshashuka.

Honda Fit, iliyotoka mwaka 2001 na kufahamika Ulaya kwa jina la Jazz, ilikuja na ufumbuzi wa busara. Tangi la mafuta liliondolewa nyuma na kuwekwa chini ya viti vya mbele, hivyo sakafu ya nyuma ikashuka. Sehemu ya kukalia ya kiti cha nyuma huinuliwa ikasimama wima, mfano wa viti vya jumba la sinema. Kwa kuwa kiti hicho kimegawanyika, unaweza kuinua upande mmoja ukasimamisha magongo ya hoki au bati za kriketi, huku upande wa pili ukimbeba abiria. Kwa anayesafirisha watu na vifaa kwa pamoja, hili ndilo gari ninaloliona linafaa zaidi. Kasoro yake iko gereji: mengi ya magari hayo yana gia za aina ya CVT zinazodai mafuta yake maalumu, na fundi anayeweka mafuta yoyote aliyo nayo huweza kuziua.

Kuna Toyota Probox, ya mwaka 2002. Wengi hulidharau, na nchini Kenya limejipatia sifa ya kubeba miraa. Lakini kwa mzigo halina mpinzani miongoni mwa wenzake. Kiti kikilazwa, sakafu yake hufikia urefu wa mita 1.8 hivi na huwa bapa. Lile la mizigo liliidhinishwa Japani kubeba kilo 400 likiwa na watu wawili, lakini kilo 250 tu likiwa na watano. Tofauti hiyo ikumbukwe na kila anayejaza timu na vifaa kwa mkupuo. Abiria wa nyuma naye asitarajie starehe.

Kuhusu mafuta, tahadhari na takwimu za matangazo. Fit ya kwanza ilitangazwa kwenda kilomita 23 kwa lita moja, kwa kipimo cha Kijapani kiitwacho 10-15. Kipimo hicho hakikuijua foleni ya Barabara ya Morogoro saa 12 jioni.

Kwa wanariadha, mkuki wa wanaume una urefu wa mita 2.6 hadi 2.7, na hakuna gari dogo katika haya litakaloumeza. Ufungwe kwenye keria, nayo keria iondolewe baada ya mashindano, kwani hupambana na upepo na kuongeza matumizi ya mafuta hata ikiwa tupu. Tufe la wanaume lina kilo 7.26. Likiachwa juu ya kiti na dereva akakanyaga breki ghafla, litaendelea mbele kwa kasi ileile ya gari, na aliyeketi mbele ndiye atakayelipokea. Mahali pake ni sakafuni, nyuma ya kiti cha mbele.

Umri wa gari nao una gharama. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na Tanzania hulitoza ushuru wa ziada, hivyo bei ndogo ya Japani yaweza kubadilika bandarini.

Siku ya kwenda yadi, nenda na vifaa vyako. Pakia, funga mlango wa nyuma, kisha keti nyuma wewe mwenyewe. Endesha gari likiwa na mzigo huo na usikilize shokapu kwenye matuta. Kabla ya kulipa, inua zulia la buti uangalie kama tairi la akiba lipo, na kama chini yake hakuna kutu.