Uzito wa Shahada: Mageuzi ya Elimu ya Juu ya Ufaransa na Ushirikiano na Vyuo Vikuu vya Nje

Mnamo Septemba 1793 Bunge la Mapinduzi la Ufaransa lilivifuta vyuo vikuu vyote vya nchi hiyo, pamoja na kile cha Paris kilichokuwa kimeheshimiwa tangu Zama za Kati. Vilihesabiwa kuwa masalio ya kanisa na ufalme. Mahali pake palichukuliwa na shule maalumu: École Polytechnique na École Normale mwaka 1794, na mwaka 1795 shule ya lugha za mashariki zilizo hai. Napoleon alipoanzisha kile alichokiita Chuo Kikuu cha Dola mwaka 1808, chombo hicho kwa hakika kilikuwa idara ya serikali iliyosimamia elimu yote, na shahada zikawa mali ya dola. Jina la chuo kikuu lilirudishwa kikamilifu kwa sheria ya tarehe 10 Julai 1896, yaani baada ya miaka 103. Hata hivyo, shahada hazikurudi mikononi mwa vyuo. Dola ndiyo iliyoendelea kuzitoa na kuzidhamini, na ni dola iliyoamua mwenye shahada ana haki gani.

Jambo hili la mwisho aghalabu hupitwa haraka katika maelezo ya mageuzi ya Ufaransa, ambayo hupenda kuzungumzia migomo na mawaziri. Kwa mtu anayechunguza uhusiano wa vyuo vya Ufaransa na vyuo vya nje, hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mwaka 1897, mwaka mmoja tu baada ya sheria iliyotajwa, iliundwa shahada mpya ya udaktari iliyoitwa doctorat d'université. Ilikusudiwa hasa wageni, wakiwemo Wamarekani waliokuwa wakimiminika katika vyuo vya Ujerumani, na Ufaransa ilitaka kuwavuta. Shahada hiyo ilitolewa na chuo chenyewe wala si dola, na kwa hiyo haikumpa mwenye nayo haki zozote zilizoambatana na shahada za dola ndani ya Ufaransa. Mgeni alikaribishwa sebuleni, akakirimiwa vizuri, lakini ufunguo wa nyumba hakupewa.

Juu ya shahada hiyo ulisimama udaktari wa dola, doctorat d'État. Katika fani za sanaa ulidai tasnifu mbili, ile kuu na ile ya nyongeza, na hadi mwanzoni mwa karne ya ishirini tasnifu ya pili iliandikwa kwa Kilatini. Kazi ya miaka kumi haikuwa ajabu. Hata aliyeupata alipimwa tena kwa daraja alilopewa na watahini. Cheikh Anta Diop wa Senegal, ambaye kitabu chake Nations nègres et culture kilikuwa kimetoka mwaka 1954, alitetea tasnifu zake mjini Paris mwaka 1960 na kupewa daraja la »honorable«. Kwa sikio la asiyejua desturi za huko, neno hilo ni sifa. Katika desturi za chuo kikuu cha Kifaransa lilikuwa daraja la chini, na halikumfungulia mlango wa kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dakar. Chuo hicho kiliundwa mwaka 1957 kama chuo kikuu cha kumi na nane cha Ufaransa, nacho kilifuata vipimo vya Paris hata baada ya uhuru. Diop alifanya kazi yake katika taasisi ya utafiti ya IFAN, katika maabara ya kupima umri wa vitu vya kale, na uprofesa aliupata mwaka 1981. Chuo kilichomfungia mlango kilipewa jina lake mwaka 1987, baada ya kufa kwake.

Mfano huo wahusu koloni la zamani la Ufaransa. Kwa Afrika Mashariki tatizo lilikuja kwa sura nyingine. Vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikua chini ya kivuli cha Chuo Kikuu cha London, na kamati zao za ajira zilijua udaktari mmoja tu, yaani Ph.D. Ufaransa ya miaka ya 1970 ilikuwa na udaktari wa aina kadhaa. Palikuwa na ule wa dola, ule wa chuo kikuu, ule wa mhandisi, na ule wa »mzunguko wa tatu« ulioanzishwa kwa sayansi mwaka 1954 na kwa fani za sanaa mwaka 1958. Huu wa mwisho ulichukua miaka michache, na nchini Ufaransa kwenyewe ulihesabiwa kuwa hatua ya kuelekea udaktari wa dola. Mwenye nao aliporudi nyumbani, je, alikuwa daktari sawa na mwenzake aliyetoka London? Swali hilo halikuwa na jibu moja. Nchi za Kiafrika zilizorithi mfumo wa Kifaransa ziliunda baraza lao la elimu ya juu, CAMES, mwaka 1968, na miongoni mwa kazi zake kuu ni hii ya kupima ulinganifu wa shahada. Upande wa nchi zilizorithi mfumo wa Kiingereza hapakuwa na chombo cha namna hiyo cha kuzungumza na Paris.

Mageuzi ya mwaka 1968 yenyewe hayakuligusa suala hili. Wanafunzi wa vyuo vikuu, waliokuwa kiasi cha laki mbili mwaka 1960, walikuwa wamepita laki tano kufikia Mei 1968, na vitivo vya zamani vilishindwa kuwahimili. Sheria ya Waziri Edgar Faure ya tarehe 12 Novemba 1968, ambayo hakuna mbunge hata mmoja aliyeipigia kura ya kuipinga, ilivunja vitivo, ikawaingiza wanafunzi katika mabaraza, na kuvipa vyuo uhuru wa kiasi. Chuo Kikuu cha Paris kiligawanywa kuwa vyuo kumi na vitatu vyenye namba. Shahada zilibaki zile zile.

Badiliko lenye maana kwa wageni lilikuja kimya kimya, ndani ya sheria ya Waziri Alain Savary ya Januari 1984. Madaktari wa aina mbalimbali waliunganishwa katika udaktari mmoja, na haki ya kusimamia watafiti ikatengwa na kupewa cheti chake, habilitation. Hakuna aliyeandamana kwa ajili ya jambo hilo. Maandamano yalikuja mwaka 1986, dhidi ya mswada wa Alain Devaquet uliohusu uteuzi wa wanafunzi na ada. Kijana Malik Oussekine alikufa kwa kupigwa na polisi usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba, na siku mbili baadaye mswada ukaondolewa.

Udaktari ulipokuwa mmoja, iliwezekana kuugawana. Amri ya Januari 1994 ilianzisha usimamizi wa pamoja wa tasnifu: mtahiniwa mmoja, wasimamizi wawili katika nchi mbili, utetezi mmoja. Kanuni zilizofuata, za mwaka 2005 na 2016, ziliuimarisha utaratibu huo. Mtahiniwa halazimishwi kulipa ada katika vyuo vyote viwili kwa wakati mmoja, na watahini huteuliwa kwa uwiano kutoka pande zote mbili. Kwa desturi ya Kifaransa hilo ni jambo kubwa. Dola iliyowahi kuwatengenezea wageni shahada ya pembeni ilikubali kwamba msomi wa chuo kingine aketi mezani na kupima shahada yake yenyewe.

Hatua iliyojulikana zaidi ni ile ya Ulaya. Tangazo la Sorbonne la Mei 1998, lililoongozwa na Waziri Claude Allègre pamoja na wenzake watatu, lilifuatwa na mkutano wa Bologna wa Juni 1999 wenye nchi 29. Kuanzia mwaka 2002 Ufaransa ilipanga masomo yake katika licence ya miaka mitatu, uzamili wa miaka miwili na udaktari. Kwa msomaji wa Kenya mpango huu hausomeki kwa urahisi kama unavyosifiwa, kwani shahada ya kwanza iliyotokana na mfumo wa 8-4-4 ni ya miaka minne. Mhitimu wake akifika Ufaransa, aingie mwaka wa kwanza wa uzamili au wa pili? Uamuzi huo umeachwa kwa chuo kinachompokea.

Kisha likaja suala la fedha. Mpango uliotangazwa Novemba 2018, uliobeba jina la »Karibuni Ufaransa«, uliwapandishia ada wanafunzi wasiotoka Ulaya: kutoka euro 170 hadi 2,770 kwa mwaka wa licence, na kutoka 243 hadi 3,770 kwa uzamili. Jina hilo halikuchaguliwa kwa busara. Vyuo vingi vilitumia madaraka yao kuwasamehe wanafunzi, na Baraza la Katiba likaamua Oktoba 2019 kwamba elimu ya juu ya umma ni ya bure, ingawa ada ya kiasi yaruhusiwa. Udaktari haukuguswa. Lakini njia ya kuufikia hupitia uzamili.

Idara ya Kiswahili ina sababu yake ya kuyafuatilia haya. Shule ile ya mwaka 1795, ambayo tangu 1971 huitwa INALCO, inafundisha Kiswahili mjini Paris. Kazi za Padre Charles Sacleux, aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo, ni miongoni mwa hazina kuu za lahaja za Kiswahili: sarufi ya lahaja ya mwaka 1909, na kamusi iliyochapishwa Paris kati ya 1939 na 1941. Fasili zake zote ni za Kifaransa. Mtafiti wa Nairobi asiyeisoma lugha hiyo huipata hazina hiyo kwa mkono wa pili, na mara nyingine haipati kabisa.

Upande wa pili, kanuni za usimamizi wa pamoja zinaacha lugha ya tasnifu iamuliwe katika mkataba wa vyuo viwili, mradi tasnifu isiyo ya Kifaransa iambatane na muhtasari mrefu wa Kifaransa. Hakuna neno ndani yake linaloitaja lugha ya tatu kuwa haramu. Idara za Kiswahili za Kenya zimezoea kupokea tasnifu za Kiswahili, na Paris wapo wasomi wanaoweza kuzitahini. Kwa maandishi ya sheria, basi, mtahiniwa aweza kuandika juu ya Kimvita au Kiamu kwa Kiswahili, akatetea kazi yake mbele ya watahini wa Nairobi na wa Paris, na kupata udaktari unaotambuliwa na vyuo vyote viwili. Kinachobaki ni vyuo hivyo kuketi na kuandika kifungu cha lugha katika mkataba, kabla ya kifungu cha ada.