Safari Rally na ndoto ya kulizunguka Ziwa

Mwezi wa nne, mvua ikishika, kipande cha barabara kinachoteremka bondeni huku Rugu, Karagwe, hugeuka sabuni. Mchomoko, yaani teksi ya abiria, unakuja na watu tisa, mikungu ya ndizi juu ya keria na gunia la kahawa ya maganda kwenye buti. Dereva anawashusha watu wote, anavua viatu, anatandika majani ya migomba chini ya tairi, kisha anaingiza gia na kuondoka taratibu kama anayenyata. Akikanyaga mafuta kwa hasira, gari linajichimbia kaburi. Likitoka salama, hakosekani mzee pembeni wa kupiga kelele: “Safari Rally hiyo!”

Jina hilo la mashindano ya magari lina historia inayotuhusu kuliko tunavyodhani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Eric Cecil, mpenzi wa magari aliyeishi Nairobi, alikuwa akimshawishi binamu yake, Neil Vincent, ashiriki mbio za uwanjani. Vincent akakataa. Kuzunguka kiwanja kilekile mara mia aliona ni kazi ya punda wa kinu. Alichotaka ni watu waingie kwenye magari yao, wafunge milango, waende nusu ya Afrika na kurudi, na anayefika wa kwanza awe mshindi. Mwaka 1953 Malkia Elizabeth wa Pili alikuwa anatawazwa, na kisingizio cha sherehe kikapatikana.

Wazo la kwanza, kama linavyosimuliwa, lilikuwa kulizunguka Ziwa Viktoria. Tazama ramani: haiwezekani kulizunguka Ziwa hilo bila kupita upande wetu huu wa magharibi. Lakini barabara za upande wa Tanganyika, mvua ikinyesha, zilikuwa tope tupu, na waandaaji wakaogopa. Njia ikabadilishwa. Kwa hiyo mashindano makubwa kuliko yote ya magari Afrika Mashariki yalianza kwa kulikimbia tope letu. Sijui kama tusikitike au tujivune.

Safari ya kwanza ilifanyika kuanzia Mei 27 hadi Juni 1, 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hakukutangazwa mshindi mmoja wa jumla, ila Alan Dix, katika Volkswagen ile yenye mgongo wa kobe, ndiye aliyepoteza alama chache zaidi. Kanuni ya miaka ile ndiyo ninayoipenda kuliko yote: gari liwe kama lilivyotoka dukani, na makundi yapangwe kwa bei ya gari, si kwa nguvu za injini. Ukiwa na gari la bei ya chini, unashindana na wenzako wa bei ya chini. Kesho yake mtazamaji angeweza kwenda dukani, akiwa na fedha, akanunua gari lilelile lililoshinda. Ndivyo Volkswagen na Peugeot zilivyojijengea heshima katika nchi hizi: watu waliziona zikitoka kwenye tope.

Mwaka 1960 mashindano hayo yakaanza kuitwa Safari ya Afrika Mashariki. Yakazoeleka kuwa ya Pasaka, yaani katikati ya masika, na hapo ndipo utamu ulipokuwa. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika saba vilevile! Na mara zote mbili walioshinda ni Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff, wakiwa na Peugeot 404. Mtu anayeshinda miaka miwili ambayo karibu wote wengine wamezama hakubahatisha. Tanzania nayo ilipata fahari yake kupitia Bert Shankland, Mskoti aliyeishi Dar es Salaam, aliyeshinda 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell, pia katika 404.

Lakini ukimtaja mmoja tu, mtaje Joginder Singh, fundi wa Kenya. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika, gari ambalo wengine wangelinunua kwa ajili ya vipuri. Akashinda tena 1974 na 1976. Aliingia Safari mara 22, akamaliza mara 19. Ufundi ulikuwa kichwani mwake: alijua gari linalalamika wapi kabla halijavunjika.

Kisha dunia ikaja. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland akawa dereva wa kwanza kutoka ng’ambo kushinda, na 1973 Safari ikaingizwa kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia. Viwanda vikaleta mafundi, ndege na fedha. Wakati huohuo ujirani wetu ulikuwa unavunjika. Kufikia katikati ya muongo ule mashindano yalikuwa yamebaki Kenya peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakavuka mpaka, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Barabara ya Mutukula, ambayo ingeleta magari ya Safari, ikapitisha vifaru.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano. Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia, ikarudi 2021 kule Naivasha, na Toyota wakatawala. Ni mbio nzuri, lakini njia hufungwa, na gari lile hulipati kwenye yadi yoyote ya Mwanza. Zamani madereva walikutana na ng’ombe, malori na harusi barabarani, maana barabara ilikuwa ya wote.

Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, lenye urefu wa takriban kilomita tatu. Leo mtu aweza kutoka Kisumu, akapita Kampala, Masaka, Mutukula, Kyaka, Bukoba, Geita, Mwanza, Musoma na Sirari, akarudi Kisumu bila kivuko na bila kuacha lami. Njia ile iliyowatisha kina Cecil ipo tayari.

Vyama vya magari vya Kenya, Uganda na Tanzania: ifufueni Safari ya kulizunguka Ziwa, kwa magari ya dukani na makundi ya bei. Na kwa kuwa lami haimpimi dereva, mkifika Kyaka kateni kulia, mpande Karagwe na Kyerwa, mtafute barabara za vumbi. Njooni Aprili. Majani ya migomba tutawapa bure.