Sheikh wa Uwanjani, Malenga wa Vitabuni

Jijini Arusha, mtu akisema anakwenda "Sheikh Amri Abeid", hana haja ya kufafanua. Anakwenda uwanjani, kwenye mpira au tamasha. Ila umuulize huyo sheikh alikuwa nani. Huenda akakwambia ni kiongozi wa zamani, basi.

Mwenye jina wala si mzaliwa wa Arusha. Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji, kandokando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1924. Alikuwa mhubiri wa Jumuiya ya Ahmadiyya na malenga kabla siasa hazijambeba. Mwaka 1960 akawa meya wa Dar es Salaam, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo, lakini tayari alikuwa na miaka 6 tangu atoe kitabu chake, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Humo ametanguliza kanuni, kisha akafuatisha tungo zake mwenyewe, kama seremala anayekuonyesha futi kwanza ndipo akufungulie kabati. Vina, mizani, beti, vituo: mambo ambayo malenga walirithishana kwa sikio, yeye akayatia wino. Shairi lisiloimbika hakulihesabu kuwa shairi.

Mwaka 1963 akateuliwa kuwa Waziri wa Sheria. Aliyeyatungia mashairi sheria akakabidhiwa na za nchi!

Hakukaa sana. Alifariki mwaka 1964, kijana bado, na leo kazi yake ya uwaziri haizungumzwi sana. Sheria zake zile nyingine ndizo zilizozua vumbi. Miaka ya 1970, mashairi huru yalipobisha hodi, Euphrase Kezilahabi akatoa *Kichomi* mwaka 1974, tungo zisizojali vina. Wanamapokeo wakakishika kitabu cha Abedi kama katiba. Wanausasa nao, ili waivunje katiba hiyo, iliwabidi waisome. Marehemu akawa katikati ya ugomvi ambao hakuuona ukianza.

Hata jina limegawanyika: jaladani ni Abedi, uwanjani ni Abeid. Mashabiki wanaoingia getini siku ya mechi hawana sababu ya kuijua tofauti hiyo. Lakini huenda miongoni mwao yumo mwanafunzi ambaye jana yake darasani alikuwa akihesabu mizani kwa vidole, 8 kwenye ukwapi, 8 kwenye utao.